Mti wa Nane

Shangazi yangu amechora miti zaidi ya elfu tisa, na mpaka mwaka jana alikuwa hajasimama chini ya hata mmoja. Simsengenyi. Hesabu nimeipiga mwenyewe na yeye akaihakiki: miaka ishirini na miwili kazini, ramani sitini hivi kwa mwaka, kila ramani miti saba. Minne mbele, mitatu nyuma. Nilipomuuliza kwa nini saba, aliinua macho kutoka kwenye sahani yake akasema, "Sita utaonekana umebania. Nane utaonekana unajisifu."

Shangazi ni mchora ramani za majengo. Ofisi yao iko ghorofani, juu ya mashine ya kusaga unga. Ni chumba kimoja chenye meza mbili zilizoinama, kabati la ramani za zamani, na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha maua. Bosi wake aliinunua kompyuta hiyo kwa mbwembwe nyingi, na hadi leo kazi yake ni kuzuia dirisha lisijifunge. Mashine ya chini ikiwashwa, ghorofa nzima inatetemeka na kalamu inachora milima mahali pa ukuta. Kwa hiyo kazi ina utaratibu wake: mashine ikizimwa wanachora mistari, ikiwashwa wanagonga mihuri, maana muhuri hautetemeki. Mwenye mashine hajui kwamba ndiye anayepanga ratiba ya ujenzi wa nusu ya mji.

Mihuri yenyewe ni mitatu. Kuna mshale wa kaskazini. Kuna jina la Shangazi pamoja na namba ya kibali chake, kile kibali cha baraza la mji kinachomruhusu kuchora na kutia sahihi. Halafu kuna mti. Huo alichongewa na fundi viatu kutoka kwenye soli ya kandambili, mwaka ule ule alioanza kazi, baada ya baraza kutoa amri kwamba ramani isiyoonyesha miti itarudishwa. Ni duara la sentimita mbili lenye matawi ndani. Kwa kugongwa miaka yote hiyo, tawi la kushoto limelika likaisha. Ukipita kwenye makabati ya baraza la mji utakuta msitu mzima wa miti isiyo na tawi la kushoto.

Mimi nilidhani miti hiyo ipo. Naishi na Shangazi na bibi tangu nikiwa darasa la pili, na kwa miaka kadhaa niliamini kwamba kila nyumba mpya mjini imezungukwa na miti saba, ila mimi tu ndiye siioni kwa sababu napita upande mbaya. Siku moja nikamuuliza.

"Shangazi, ile miti hupandwa na nani?"

"Mwenye nyumba."

"Anaipanda?"

"Sijui. Sijawahi kwenda kuangalia."

"Hata mara moja?"

"Mwanangu, mteja analeta vipimo vya kiwanja kwenye karatasi. Bosi anasema kiwanja ni mstatili, ukiuona mmoja umeiona yote."

"Na miti iliyokuwepo kiwanjani kabla?"

Hapo alifikiri kidogo. "Kwenye karatasi haiji," akasema. Bibi akatuambia tule, chakula kinapoa.

Sasa nije kwenye zahanati.

Kamati ya wakazi wa mtaa wa pili ilileta kiwanja chao, mstatili kama vilivyo vyote. Shangazi akachora: chumba cha daktari, chumba cha sindano, stoo ya dawa, na ukumbi mpana katikati wa wagonjwa kusubiri. Alimaliza mistari saa nne asubuhi mashine ilipokuwa imezimwa. Ikawashwa. Akagonga mshale, akagonga jina, akagonga miti saba. Wakati anaurudisha muhuri kwenye kopo lake, unga uliopanda kutoka chini ukamwingia puani. Akapiga chafya moja ya nguvu, na mkono ukashuka wenyewe. Mti wa nane ukasimama katikati ya ukumbi wa kusubiri.

Wino wa muhuri haufutiki. Ukiukwangua kwa wembe karatasi inatoboka, na ikitoboka unaanza upya: siku tano za kazi. Shangazi aliutazama ule mti. Bosi naye akaja akautazama.

"Utaonekana?" Shangazi akauliza.

"Unaonekana."

"Sasa?"

"Sasa nini? Nani atajenga mti?"

Jibu la swali hilo lilikuwa linaishi umbali wa dakika kumi kutoka pale, na lilikuwa linanoa mwiko wake.

Fundi aliyepewa kazi ya zahanati mji mzima unamwita Kama-Ilivyo. Zamani alikuwa fundi mwenye mawazo. Akaona dirisha fulani likisogezwa kidogo litapata upepo, akalisogeza kwa urefu wa mkono. Mwenye nyumba alikuja na ramani, akapima, akamwambia abomoe ukuta wote kwa mikono yake huku majirani wanaangalia. Tangu siku hiyo Kama-Ilivyo hana mawazo. Ukimuuliza mlango utafungukia wapi, anakujibu, "Kama ilivyo kwenye ramani." Ukimuuliza habari za nyumbani anajibu hivyo hivyo, lakini hiyo nadhani ni mazoea.

Kiwanja cha zahanati kilikuwa na miti kumi na miwili. Kumi na mmoja ilikatwa wiki ya kwanza ikaingia kwenye tanuri, ikachoma matofali ya zahanati. Wa kumi na mbili ulikuwa mzambarau mkubwa, nao ulisimama karibu kabisa na pale chafya ilipoangukia. Wakata miti walipoufikia na shoka, Kama-Ilivyo akawakunjulia ramani.

"Huu umo," akawaambia.

"Umo wapi, fundi? Hapo ni ndani!"

"Nami naona ni ndani. Umo."

Basi akajenga. Aliacha tundu la duara kwenye sakafu na jingine kwenye paa, mita mbili kila moja, kwa sababu ndivyo muhuri ulivyosema. Akazungushia tundu la chini benchi la matofali, kwa kuwa matofali yalibaki na mwanya ulimkera. Habari hizo zote hazikutufikia. Shangazi alikuwa ameshahamia kwenye ramani nyingine, na ramani iliyotoka ofisini mwao haikuwa na kawaida ya kurudi.

Kilichorudi ni barua. Baraza la mji lilikuwa limeleta mkaguzi mpya pamoja na amri mpya: jengo halifunguliwi mpaka kila kilichomo kwenye ramani kionekane kiwanjani. Na mchoraji atakayekutwa amechora kisichokuwepo, kibali chake kinafutwa. Wangeanza na zahanati, Alhamisi, mchoraji awepo.

Shangazi aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaikunja, akaikunjua akaisoma tena, kisha akamuuliza bibi kama chumvi imetosha kwenye chakula ambacho kilikuwa hakijapikwa. Kibali kile ndicho kinachotuweka mjini sisi watatu. Bila namba yake, kila mstari anaochora Shangazi ni mchoro wa mtoto.

"Hakuna neno," Bosi alimwambia kesho yake. Nilikuwa nimempelekea Shangazi miwani aliyoisahau, shule zilikuwa zimefungwa. "Nimepita pale jana. Ule mti wako wa chafya, yule mwendawazimu kaujenga."

"Kaujenga vipi?"

"Kaujengea! Upo, mzima, ndani ya zahanati. Kwa hiyo ukiulizwa, sema ulikusudia. Usanifu unaoheshimu mazingira. Rudia."

"Usanifu unaoheshimu mazingira."

"Kwa uhakika zaidi."

Akarudia. Bosi akamwambia anasema kama mtu anayekiri wizi. Wakafanya mazoezi mpaka mashine ya chini ilipozimwa na ikabidi wachore mistari.

Alhamisi nilibeba bomba la ramani. Shangazi alivaa viatu vya harusini, akidhani kiwanja kina sakafu. Hakikuwa na sakafu, kilikuwa na matope, na katika miaka ishirini na miwili hilo lilikuwa jambo la kwanza kiwanja kumwambia.

Mkaguzi alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye buti na ubao wa kuandikia. Shangazi akamsalimu, "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, shikamoo mama. Ila kazini mimi ni mkaguzi."

"Marahaba, mkaguzi."

Wakaanza nje. Mkaguzi alishika ramani, akatembea hadi pembe ya mbele, akasimama, akatazama chini. Palikuwa na kifusi na mfuko wa saruji uliopasuka.

"Mti wa kwanza?"

Shangazi akausogeza ule mfuko kwa ncha ya kiatu.

"Hakuna," mkaguzi akaandika. Wa pili, hakuna. Wa tatu, palikuwa na shimo la choo, limeshafunikwa zege. Wa nne hakuna. Mitatu ya nyuma, hakuna, hakuna, na wa mwisho ulikuwa umeangukia katikati ya njia wanayopita watu. Wakati tunautafuta akapita mama mmoja na ndoo akatuuliza tumepoteza nini.

"Fundi," mkaguzi akaita, "hapa palikuwa na miti?"

"Kumi na miwili."

"Iko wapi?"

Kama-Ilivyo akaugonga ukuta kwa kiganja. "Kumi na mmoja imo humu. Matofali hayajichomi."

"Na saba ya kwenye ramani, mbona hukuipanda?"

"Mimi naishia kwenye ukuta. Nje ya ukuta si kazi yangu." Halafu akaongeza, kama mtu aliyeandaa jibu muda mrefu, "Ila kilicho ndani kimo."

Tukaingia ndani.

Nimejaribu mara nyingi kueleza kilivyo kile chumba. Ni ukumbi wa kawaida, kuta nyeupe, mabenchi, tangazo la kunawa mikono. Na katikati umetoka mzambarau, mnene kuliko mtu, umepenya sakafu, umepanda, umetokea paani. Mwanga unashuka kupitia majani na kuta zinachezacheza. Haukukaa katikati ya tundu lake. Umeegemea upande mmoja, maana chafya na mti vilipishana kidogo.

"Umekaa pembeni," mkaguzi akasema.

"Tundu liko sawa," Kama-Ilivyo akajibu. "Lipime. Mti ndio ulioota nje ya ramani. Nao nimeshauambia."

Nesi aliyehamishiwa pale alikuwa akideki. Sakafu ilikuwa na madoa ya zambarau kila mahali. "Mkaguzi, nakuomba uandike na hili," akasema. "Nadeki asubuhi, saa tatu zambarau zimeanguka tena. Jana mtu kaja kuangalia tu, kaona madoa, kanifuata mbio anauliza nani kaumia. Na mvua ikinyesha tunahamisha benchi."

"Unataka ukatwe?"

Nesi akaegemea dekio lake. "Nimesema ukatwe mimi? Nimesema unachafua. Hata watoto wangu wanachafua."

Mkaguzi akakunjua fomu mpya, akamgeukia Shangazi.

"Mama. Huu wa ndani uliukusudia?"

Bosi akakohoa. Akapiga hatua mbele akaanza, "Mheshimiwa mkaguzi, ofisi yetu kwa muda mrefu imekuwa na usanifu ambao..."

"Nimemuuliza yeye."

Bosi akarudi nyuma na usanifu wake. Nilimtazama Shangazi. Jibu alikuwa nalo, tulilisikia mara kumi na tano. Lakini alikuwa amesahau kama anaulizwa. Alikuwa amesimama chini ya ule mti, shingo ameipindua, mdomo wazi kidogo, viatu vya harusini vimejaa matope.

"Una tawi la kushoto," akasema.

"Nini?"

"Huu una tawi la kushoto. Wangu hauna."

Mkaguzi akaangalia ramani, akaangalia juu. Nadhani alikuwa ameshauona ule msitu kule makabatini, maana alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyetatuliwa fumbo la muda mrefu.

"Mama, nijibu. Ulikusudia?"

Shangazi akashusha macho. Akamtazama Bosi, akamtazama Kama-Ilivyo ambaye alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Hapana, mkaguzi," akasema. "Nilipiga chafya."

Zambarau moja ikaanguka sakafuni, tap. Nesi akaitazama.

"Chafya," mkaguzi akarudia.

"Chini yetu kuna mashine ya kusaga. Unga ukanipata puani. Miti saba niliikusudia, na ndiyo haipo. Huu sikuukusudia."

Bosi akatoka nje kwenda kuangalia hali ya hewa. Kama-Ilivyo hakusogea. "Kwa hiyo nimejenga chafya," akasema, lakini hakuonekana kukasirika. Alionekana kama anahesabu.

"Umejenga ramani," mkaguzi akamwambia. Akaipekua fomu yake mbele na nyuma. "Hapa pana safu mbili. Upo kwenye ramani. Upo kiwanjani. Mti wa nane: upo, upo. Safu ya chafya hakuna." Akaandika. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lake, niliona kalamu inavyoandika *Upo* mara mbili, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Halafu akafika kwenye ile saba, na uso wake haukubadilika. Kibali cha Shangazi kilisimamishwa papo hapo. Hakikufutwa, kilisimamishwa, mpaka ile miti ionekane kiwanjani, au ramani isahihishwe iseme ukweli. Na muhuri wa kandambili akautaka. Shangazi aliutoa kwenye mkoba, umefungwa kwenye leso, akaukabidhi. Mkaguzi akaugeuza chini juu akaunusa.

"Hii ni ndala?"

"Ya kushoto," Shangazi akasema.

Miezi miwili iliyofuata Shangazi hakuchora. Bosi aliivua kompyuta kitambaa, akakaa mbele yake siku tatu, akakirudisha. Bibi alianza kutia maji zaidi kwenye mchuzi bila kusema lolote, na sisi tuliunywa bila kusema lolote. Kila asubuhi Shangazi alikwenda zahanati na jembe la jirani. Nilikwenda naye mpaka shule zilipofunguliwa. Alitaka kuchimba mashimo pale pale alipogonga muhuri, asisogeze hata inchi, na Kama-Ilivyo alikuja kumpimia bila kuombwa.

Ndipo tulipojua yalivyo mambo. Mti wa tatu ulikuwa juu ya choo. Wa saba ulikuwa njiani. Wa tano tulichimba, jembe likagonga mwamba likarudi na cheche.

"Kwani hapa pana mwamba?" Shangazi akauliza.

"Tangu zamani," Kama-Ilivyo akasema.

"Mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza?"

Akakaa juu ya lile jiwe, akacheka mpaka akatoa machozi. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona Shangazi akicheka kazini. Alipanda minne iliyokubali, na ile mitatu akaifuta kwa kuchora ramani yote upya, siku tano, kwenye meza yetu ya chakula, ambapo hapana mashine. Mkaguzi akaja, akahesabu mitano, mmoja ndani na minne nje, mirefu kama rula. Akamrudishia kibali. Muhuri hakuurudisha.

Siku hizi Shangazi haanzi kuchora mpaka akanyage kiwanja. Ana buti. Anachora miti kwa mkono, mmoja mmoja, ile tu aliyoiona kwa macho, na mwamba, na mahali maji yanapopita mvua ikinyesha. Wateja wananung'unika. Mmoja alilalamika kwamba ramani yake ina kipara. "Kiwanja chako ndicho kina kipara," Shangazi akamjibu, "mimi nimekipiga picha tu." Mwingine alikuta sebule yake imehamishwa upande wa pili kwa sababu ya mti mmoja, akaondoka na karatasi zake kwenda kwa mchoraji wa mjini kati. Bosi anasema tutakufa njaa. Amekuwa akisema hivyo tangu nizaliwe. Mashine ya chini ikiwashwa, Shangazi anafunika kalamu, anatoka hadi kwenye ngazi, anapiga chafya zake zote huko, ndipo anarudi.

Mwezi uliopita Kama-Ilivyo alipanda ngazi hizo hizo. Miaka yote anajenga nyumba za wenzake, sasa alikuwa amepata kiwanja chake mwenyewe na alitaka achorewe. Shangazi alikuwa ameshakwenda kukiona. Ni kitupu, kimeparwa na tingatinga, hakina hata kichaka. Akamwonyesha ramani iliyokamilika: vyumba viwili, ukumbi, jiko. Miti, hakuna.

Fundi aliitazama muda mrefu, akaishika karibu na uso.

"Nichoree mmoja," akasema. "Hapa, mbele ya mlango."

"Haupo, fundi."

"Najua haupo."

"Basi siwezi kuuchora. Unataka wanifutie kabisa?"

"Shemeji," Kama-Ilivyo akasema. Humwita hivyo akitaka kitu, ingawa hatuna udugu wowote. "Wewe unanijua. Kikiwemo kwenye ramani, mimi nafanya nini?"

Shangazi akamtazama. Mashine ya chini ilikuwa imezimwa, mkono haukuwa na kisingizio. Akavuta kalamu, akauchora mti mmoja mbele ya mlango, pole pole, akaanza na tawi la kushoto.

Jumamosi iliyofuata tulipita pale kiwanjani, mimi na yeye. Msingi ulikuwa haujachimbwa, hata kamba haijavutwa. Mche ulikuwa umeshapandwa. Ulinifika gotini, na Kama-Ilivyo alikuwa amechuchumaa mbele yake na tepu ya kupimia mkononi, anauangalia upande wa kushoto, ambako tawi lilikuwa bado halijachipua, kama mtu anayemsubiri mwenzake aliyechelewa.